Tochi ya Ngaramtoni

Saa moja na nusu, Julai, Meru haujavua blanketi.
Nafuta umande kwenye macho mawili ya mashine,
jicho la kuingilia, jicho la kutokea,
shubiri moja katikati.
Tembe ya rangi ikikatiza la kwanza, saa inaanza;
ikikatiza la pili, imekwisha,
na mimi bado sijapepesa.

Jina lake refu lilibaki kwenye boksi.
Sisi tunaiita tochi,
kama ile ya trafiki wa Kisongo
anayechomoka nyuma ya mgrivea.
Ila hii haijifichi.
Imekaa juu ya stuli, langoni, mchana kweupe,
shamba la zamani la kahawa nyuma yake,
na kila bunduki huisalimia kwanza
kabla haijamsalimia mtu.

Mia mbili sitini na nne. Pita.
Mia mbili sabini na moja. Pita.
Mwisho wetu mia mbili themanini, futi kwa sekunde.
Siku moja nilipiga hesabu kwenye simu:
kilomita mia tatu na saba kwa saa.
Basi la Dar haliendi hivyo hata likiota.

Leo wamekuja watu wa benki,
ovaroli za kuazima, viatu vya ofisini.
Bwana Sumari wa mikopo anafyatua:
mia mbili tisini na nane.
"Kumi na nane tu, dada. Tusaidiane."
Mkono umeshafika mfuko wa nyuma,
kwa mazoea, si kwa ubaya.

Hanikumbuki.
Machi niliketi mbele ya meza yake
na fomu ya mkopo wa cherehani mbili.
Mshahara wangu ulipungua kidogo,
kidogo hivi, akanionyesha kwa vidole,
kisha akageuza skrini nione mwenyewe:
"Ningependa, dada. Mfumo haukubali."

Nageuza tochi aone mwenyewe.
"Ningependa, kaka. Mfumo haukubali."
Nikangoja moyo wangu ushangilie.
Haukushangilia. Ulikuwa kazini.
Ufunguo wa pembe sita, robo mzunguko,
tembe tatu kwenye gunia la mchanga:
mia mbili sabini na sita.
Pita.

Bosi wangu Loishiye husema kupima mara moja kunatosha,
wateja hawalipi ili wapange foleni.
Sibishani. Navuta kola ya shati kidogo,
anaona lile doa chini ya mfupa wa bega,
limetoka zambarau, limefika kijani,
anaenda kuhesabu barakoa.

Saa saba ukungu umekwisha, mabati yanalia,
nawaita wote tena.
Wananuna. Wana rangi masikioni.
Sumari anafyatua: mia tatu na moja.
"Sijaigusa! Wallahi sijaigusa!"
Najua hajaigusa.
Mtungi umelala juani tangu asubuhi,
na gesi ikipata joto haimuulizi mwenyewe.
Nilimpima mtu wa baridi;
huyu aliyesimama hapa ni wa mchana.
Namba ni ya kweli, naye ni mkweli,
na bado sauti yake inatetemeka
kama ya mtu anayeshika fomu iliyorudishwa.

"Nakuamini," nikamwambia.
Sikumbuki kama kuna mtu aliniambia hivyo mwezi Machi.
Robo mzunguko tena. Kivulini, tembe tatu.
Mia mbili sabini na nane.

Jioni basi lao limeondoka,
nyasi zina madoa ya njano na buluu.
Nafyatua kila bunduki tupu, kumaliza hewa.
Kishindo kikubwa, ndege wanaruka,
tochi inaonyesha vistari tu:
kelele haina futi.

Nanyoosha kidole kuizima
nyuki anapita,
jicho la kuingilia, jicho la kutokea,
taratibu, miguu imebeba chavua.
Kumi na tisa, inasema tochi.

Nafungua daftari, chini ya jina la Sumari:
Nyuki. Kumi na tisa.
Pita.